Sigara sita kwa siku na picha ya kifua iliyotoka safi

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 47, naishi Tanga. Navuta sigara tangu nikiwa na miaka 20, lakini si mvutaji wa kupindukia: ni sita kwa siku, saba zikizidi, tena zile nyepesi, na huzinunua moja moja kwa shilingi 200. Mwezi wa Ramadhani nafunga na mchana kutwa sivuti, kwa hiyo najua sina uraibu. Mwaka jana nilipigwa picha ya kifua katika upimaji wa kazini, ikatoka safi. Mzee wangu alivuta hadi alipofariki akiwa na miaka 81, na hakufa kwa kifua. Sasa mke wangu amenishika niache, hasa kwa kuwa mtoto wetu wa miaka minne hubanwa kifua mara kwa mara. Je, kwa uvutaji wangu huu mdogo kuna hatari yoyote ya maana? Je, baada ya miaka 27 kuna faida ya kuacha, au kilichoharibika kimeshaharibika? Na je, ni kweli kwamba kuacha ghafla kunaudhuru mwili uliokwisha kuzoea?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza maswali matatu, na majibu yake kwa kifupi ni haya: hatari ipo, nayo ni kubwa kuliko idadi ya sigara zako inavyoonyesha, faida ya kuacha ipo, hata katika umri wa miaka 47, na kuacha ghafla hakuudhuru mwili, ingawa kuna mambo mawili matatu ya kuangalia ambayo nitayaeleza. Lakini naona barua yako yote imeegemea nguzo moja, nayo ni ile namba sita, kwa hiyo nitaanzia hapo na nitakaa hapo kwa muda.

Sigara sita kwa siku kwa miaka 27 ni sigara zipatazo 59,000. Sikutajii hesabu hii ili kukutisha, kwa maana mwili haujumlishi sigara kama mwenye duka anavyojumlisha deni kwenye daftari, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani kwamba ikiwa sigara 20 kwa siku zina hatari ya kiasi fulani, basi sita zina chini ya theluthi moja ya hatari hiyo. Kwa upande wa moyo na mishipa ya damu, sivyo ilivyo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti 141 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, na ukaonyesha kwamba mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku ana hatari ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo inayozidi ya asiyevuta kwa asilimia 48 hivi, ilhali hatari ya anayevuta 20 ni takriban mara mbili ya asiyevuta. Maana yake ni kwamba sigara ya kwanza peke yake hubeba karibu nusu ya mzigo wote, na kumi na tisa zinazofuata hugawana nusu iliyobaki. Wewe wa sita umeshaipita nusu hiyo.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Ndani ya kila ateri kuna utando mwembamba ambao kazi yake ni kuuwezesha mshipa kutanuka damu inapohitajika kwa wingi, na kuizuia damu isigande pasipo haja. Utando huu hauvumilii moshi hata ule mdogo. Vivyo hivyo chembe sahani za damu, ambazo kwa kawaida hukimbilia kwenye jeraha na kushikana ili kuliziba, huwa nyepesi kushikana muda mfupi tu baada ya mtu kuvuta, na mwitikio huo huwa umekaribia kilele chake kwa moshi mchache. Ukiongeza moshi, hauongezeki kwa kadiri ile ile. Juu ya hayo nikotini hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hujishikiza kwenye hemoglobini, yaani kile kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara mia mbili, huunyima moyo hewa wakati ule ule unapolazimishwa kufanya kazi zaidi. Mtu wa umri wako ambaye ateri zake za moyo zimekwisha kujijenga mafuta ukutani, na wengi wako hivyo bila kujijua, hahitaji sigara ishirini ili bonge la damu ligande mahali pabaya. Mshtuko wa moyo na kiharusi havisubiri mtu amalize pakiti.

Nitaongeza hapa jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo wanaume wengi hawaliulizi mpaka wawe wamenyanyuka kitini wanaaga. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayotangulia kuonyesha dalili pale ateri za mwili zinapoanza kuziba. Mwanamume anayevuta na ambaye nguvu zake zimepungua hana budi kuichukulia hali hiyo kama taarifa kuhusu moyo wake, wala asiikimbilie kwa mizizi na vidonge vya uchochoroni.

Saratani ina tabia tofauti kidogo, na kwa haki nikubali kwamba huko idadi ya sigara kwa siku ina uzito zaidi: anayevuta sita ana hatari ndogo kuliko anayevuta thelathini. Hata hivyo, katika saratani ya mapafu kinachopandisha hatari kwa kasi kubwa zaidi ni idadi ya miaka, kwa sababu kila mwaka unaongeza nafasi ya seli moja kukusanya makosa ya kutosha katika vinasaba vyake hadi ikaacha kutii. Miaka 27 ni mingi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Haziishii kifuani. Huingia kwenye damu, huchujwa na figo na kukaa katika mkojo, ndiyo maana uvutaji ni chanzo kikuu cha saratani ya kibofu, jambo ambalo wavutaji wengi hawajapata kulisikia. Na njiani hugusa mdomo, koo, zoloto, umio, tumbo na kongosho.

Kuhusu hizo sigara nyepesi, naomba ulifute neno hilo katika hesabu zako. Huitwa hivyo kwa sababu mashine ya maabara inapozivuta hupata lami na nikotini kidogo, na hupata kidogo kwa kuwa kichungi kimetobolewa vitundu vidogo vinavyoingiza hewa ya kuchanganyika na moshi. Mashine haina midomo wala vidole. Mvutaji huviziba vitundu hivyo bila kujua, na kwa kuwa ubongo wake unadai kiwango ulichozoea, huvuta pumzi ndefu zaidi na kuushikilia moshi ndani kwa muda mrefu zaidi, hata ukafika kwenye vijia vya pembeni kabisa vya mapafu. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unataka maneno ya namna hiyo yasitumike kwenye pakiti, kwa sababu yanapotosha.

Tuje kwenye picha ya kifua. Picha hiyo ilikuambia kwamba siku ile hapakuonekana uvimbe mkubwa, wala maji, wala madoa ya nimonia au ya kifua kikuu. Haikukuambia lolote kuhusu ateri za moyo wako, kwa kuwa picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi kilichomo ndani ya mishipa hiyo. Haikukuambia pia hali ya vijia vidogo vya hewa, ambavyo ndivyo vinavyoharibika kwanza katika ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa unaowapata wavutaji. Ugonjwa huo unaweza kuwa umeshamnyang'anya mtu sehemu kubwa ya uwezo wake wa kupumua na picha ikatoka safi. Kipimo chake ni spirometa, ambapo mtu huvuta pumzi hadi mwisho kisha akapuliza kwa nguvu zote ndani ya mrija, na chombo kikapima ni hewa kiasi gani imetoka katika sekunde ya kwanza.

Kipimo hicho kinanisaidia kulijibu swali lako la pili. Kila mtu mzima, hata asiyevuta, hupoteza mililita zipatazo 30 za pumzi hiyo ya sekunde ya kwanza kila mwaka kwa sababu ya umri. Mvutaji ambaye mapafu yake huathirika kwa moshi hupoteza mara mbili ya hapo au zaidi. Akiacha, kile kilichopotea kwa sehemu kubwa hakirudi, na katika hilo uko sahihi kwamba kilichoharibika kimeharibika. Lakini kasi ya kupoteza hushuka hadi kukaribia ile ya mtu asiyevuta. Kwa mtu wa miaka 47 mwenye miaka mingine thelathini mbele yake, hiyo ndiyo tofauti kati ya mzee anayekwenda msikitini kwa miguu yake na mzee anayepumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Nimewahudumia wa aina zote mbili, na wengi wa hawa wa pili hawakuwa watu wa pakiti mbili kwa siku.

Moyo husamehe haraka zaidi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo na shinikizo huanza kushuka. Ndani ya siku moja hivi kaboni monoksaidi huwa imetoka kwenye damu. Ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu mzunguko wa damu huwa bora. Na baada ya mwaka mmoja ile ziada ya hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa takriban nusu. Saratani ya mapafu ni mzito wa kusamehe, kwani huchukua kama miaka kumi kwa hatari yake kufika nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na ndiyo sababu sipendi kumsikia mtu akisema ataacha akistaafu.

Sasa kuhusu mzee wako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sina shaka kwamba alivuta na kwamba alifika miaka 81, wala hakuna mtaalamu wa kweli anayesema kila mvutaji hufa kwa sigara. Wataalamu wa Kiingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza, zaidi ya 34,000, na ufuatiliaji huo uliendelea kwa miaka 50. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona matokeo ya utafiti wake wa awali. Walichokiona ni kwamba katika kila wanaume 100 wasiovuta waliokuwa hai wakiwa na miaka 35, wapatao 59 walifika miaka 80, na katika kila wavutaji 100 walifika 26. Mzee wako ni mmoja wa wale 26. Wapo, nao ndio tunaowaona barazani wakivuta na kusimulia, kwa sababu wale wengine 74 hawapo tena pale barazani kutoa ushahidi wao. Kama ungekuwa na uhakika kwamba umerithi bahati yake, ningekuelewa. Lakini hakuna kipimo chochote cha kukuonyesha hilo mapema.

Utafiti huo huo unajibu moja kwa moja kama kuna faida ya kuacha katika umri wako. Waliovuta maisha yao yote walikufa kwa wastani miaka kumi hivi mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 60 waliokoa mitatu hivi kati ya hiyo kumi, walioacha wakiwa na miaka 50 waliokoa sita, walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa tisa, na wa miaka 30 waliokoa karibu yote. Wewe uko kati ya sita na tisa. Wale walivuta zaidi yako kwa siku, hilo kweli, na wastani hauwezi kumtabiria mtu mmoja, lakini kila mwaka unaoahirisha unaelekea upande wa sita.

Nimefikia kwenye Ramadhani, na hapa naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Kufunga kwako si ushahidi kwamba huna uraibu. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondolewa kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo ukivuta baada ya daku, kufika alasiri imebaki kidogo mno, na mwili unavumilia kwa sababu nia imewekwa, wenzako wote wamefunga, na hakuna anayekuwashia kiberiti mbele ya uso wako. Swali linaloonyesha uraibu ni jingine: Magharibi ikiadhiniwa, unafungua kwa tende au unafungua kwa sigara? Wataalamu wana kipimo chenye maswali machache kilichotokana na kazi ya mwanasaikolojia Fagerström wa Sweden, na swali lake lenye uzito zaidi ni muda anaochukua mtu tangu kuamka hadi sigara ya kwanza. Aliyeiwasha kabla ya nusu saa kupita ana uraibu wa kutosha, hata kama kwa siku ni sita tu. Jijibu mwenyewe kwa siku za kawaida, kisha jijibu kwa dakika zinazofuata adhana ya Magharibi.

Hata hivyo Ramadhani inakupa kitu ambacho wavutaji wengine hawana. Umekwisha kuuonyesha mwili wako, kwa siku 29 au 30 mfululizo kila mwaka, kwamba unaweza kukaa saa kumi na tatu bila nikotini, ukaendesha, ukafanya kazi, na usife. Hilo pia ni sehemu ya jibu la swali lako la tatu. Kuacha pombe ghafla kwa mlevi wa kupindukia kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Kuacha sigara ghafla hakuna hatari ya namna hiyo. Utakachokipata ni hasira za karibu, kukosa utulivu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kichwa kuuma na akili kutawanyika, na mambo haya hufikia kilele ndani ya siku tatu za kwanza au wiki ya kwanza, kisha hupungua hadi kwisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Wapo wanaokohoa zaidi katika wiki za mwanzo, wakaogopa na kurudia sigara. Kikohozi hicho hutokana na vinyweleo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimepoozwa na moshi, kuanza tena kazi ya kusukuma uchafu nje. Uzito huongezeka pia, kwa wastani kilo nne au tano ndani ya mwaka wa kwanza, na sioni sababu ya kukuficha.

Kuhusu kupunguza kidogo kidogo, ambako watu wengi hukuona kuwa ndiko kwenye busara, utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa wavutaji karibu 700 kwa kura: wengine waache siku moja, wengine wapunguze kwa wiki mbili kisha waache, na wote walipewa dawa za kuwasaidia. Baada ya wiki nne, walioacha kwa mkupuo walikuwa bado wameacha 49 kati ya 100, na wale wa kupunguza walikuwa 39. Kwa mtu wa sigara sita sioni hata ngazi za kushukia.

Yale mambo ya kuangalia niliyoyataja ni haya. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja baadhi ya dawa, pamoja na kafeini ya kahawa. Mvutaji akiacha, kimeng'enya hicho hutulia ndani ya siku chache, na vikombe vile vile vya kahawa chungu alivyozoea kunywa jioni humwachia kafeini karibu mara mbili katika damu. Moyo unamdunda, usingizi haupati, mikono inatetemeka, na yeye anadhani mwili unadai sigara. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia aminofilini kwa ajili ya pumu, au dawa za maradhi ya akili kama olanzapini na klozapini, amwambie daktari wake kabla ya kuacha ili kipimo cha dawa kirekebishwe, na mwenye kisukari anayejidunga insulini apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki hizo. Hakuna kati ya hayo linalomzuia mtu kuacha.

Kwa kazi yako nina ushauri mahususi. Usianze siku ya kuamkia safari. Akili hutawanyika katika siku tatu za mwanzo, na lori haliendeshwi kwa akili iliyotawanyika, kwa hiyo chagua siku ambazo uko nyumbani. Kabla ya siku hiyo, isafishe kabini: toa majivu, futa dashibodi, fua vitambaa vya viti, na mwambie utingo wako kwamba humo hamvutwi tena, kwani naye amekuwa akivuta sigara zako kwa miaka bila kulipia. Kisha ziangalie sita zako moja moja, maana bila shaka zina mahali pake: ya baada ya chai, ya mizani, ya kusubiri kupakia, ya baada ya chakula. Kila moja itafutie kitu kingine cha kufanya kwa dakika tano, kwa sababu hamu ya sigara hupanda, hufika kileleni na kushuka yenyewe ndani ya dakika chache, iwe umevuta au hukuvuta. Muuzaji anayekupa moja moja mwambie waziwazi kwamba umeacha. Shilingi 1,200 kwa siku zinafika 438,000 kwa mwaka, na fedha hizo mpe mke wako akuwekee, kwani yeye ndiye aliyelianzisha jambo hili na ana haki ya kuona matokeo.

Dawa zipo na zinafanya kazi, ingawa hazipatikani katika kila duka la dawa na bei yake ni ya juu. Wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wachache sana ndio wanaofika mwaka. Nikotini ya kutibia, iwe plasta ya kubandika kwenye ngozi au jojo ya kutafuna, huiongeza nafasi hiyo kwa zaidi ya nusu. Kwa sigara sita, jojo ya miligramu 2 ingekutosha, ila haitafunwi kama jojo za dukani: itafune polepole hadi uhisi ukali mdomoni, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi ili nikotini ipite kwenye ngozi ya mdomo, na ukali ukiisha uitafune tena. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake, kwa sababu uchachu wa vinywaji hivyo huzuia nikotini kufyonzwa. Vidonge vya vareniklini na bupropioni huandikwa na daktari, na bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Ukiteleza ukavuta moja, iwe ni moja, na uendelee kesho yake kana kwamba hukukatiza. Wengi waliofanikiwa walijaribu zaidi ya mara moja.

Usihamie kwenye shisha. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2016, lakini hata isingekuwa marufuku, maji hayaondoi sumu, na mkaa wake unaongeza kaboni monoksaidi juu ya ile ya tumbaku. Sigara za kielektroniki zina sumu pungufu kuliko sigara ya moto, ila nyingi zina nikotini ile ile, na kwa mtu anayeweza kutumia jojo sioni kwa nini aanze kifaa kipya.

Jambo moja zaidi kuhusu kikohozi. Wavutaji wana hatari ya kifua kikuu inayokaribia mara mbili ya wasiovuta, na nchi yetu ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani. Mvutaji anayekohoa husema ni sigara tu, na mwenye kifua kikuu husema hivyo hivyo. Kikohozi kikizidi wiki mbili peleka makohozi yapimwe, na kikija na damu, au sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki tatu, au ukakonda bila sababu, nenda hospitali bila kungoja. Wakati huo huo pima shinikizo la damu, sukari na lehemu, vipimo vitatu ambavyo kwa dereva wa miaka 47 vingenieleza mengi zaidi kuliko ile picha safi.

Nimemwacha mtoto mwisho kwa makusudi, kwa kuwa yeye hana sigara za kuhesabu. Mtoto wa miaka minne hupumua haraka kuliko wewe na njia zake za hewa ni nyembamba, na moshi wa mtu mwingine humwongezea mashambulizi ya pumu, nimonia na maambukizi ya masikio. Kuvuta dirishani au barazani hupunguza moshi ila hakuumalizi, kwa sababu unarudi ndani na mvutaji kwenye shati, ndevu na mikono inayombeba mtoto. Mpeleke akapimwe kama ana pumu, na usimwachie mama yake peke yake kazi hiyo: ingia naye chumbani kwa daktari, na umwambie wewe mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba nyumbani kuna anayevuta na tangu tarehe gani ameacha, kwa maana atahitaji kuyajua yote mawili kabla ya kumwandikia mtoto dawa ya kuvuta kwa kinywa.